Walio Chini ya Poromoko

Kwa miaka mingi, nikifika mahali pageni, cha kwanza nilichouliza kilikuwa maji. Si ya kunywa, bali ya kuingia. Wenzangu huulizia soko, au msikiti, au mahali panapoonyeshwa mpira; mimi nilitaka kujua kama kuna mto wenye kina, kama kuna poromoko, kama kuna chemchemi ambayo vijana wa pale hurukia siku za Jumapili. Sijui hasa tabia hii niliitoa wapi. Nimekulia mahali ambapo maji yalikuwa ya ndoo na ya foleni, na pengine mtu aliyeoga utoto wake wote kwa kopo hubaki na hamu ya kuzama mpaka shingoni bila kuhesabu. Pengine. Niliwahi kumpa rafiki jibu hilo na likampendeza, lakini kadiri umri unavyosogea naona halitoshi, kwa sababu waliokulia kando ya mito na maziwa nao hukimbilia maji wakiwa safarini, na hao hawakukosa kitu.

Naanza hapo kwa kuwa hamu hiyo ndiyo iliyonipeleka karibu kila mahali nitakapopataja, na sitaki kuisema vibaya. Imenipa furaha kubwa. Ninachojaribu kukielewa ni kile ambacho hamu hiyo ilikificha machoni mwangu kwa muda mrefu.

Kwenye mteremko wa kusini wa Kilimanjaro maporomoko ni mengi. Linalojulikana zaidi siku hizi ni la Materuni, huko Uru, juu ya mji wa Moshi, ambako mgeni hulipa kiingilio, hupanda na kiongozi kati ya migomba na mibuni, huoga, kisha hushuka kutwanga kahawa kwenye kinu huku wenyeji wakiimba. Marangu wana Kinukamori na Ndoro. Mimi nazungumzia jingine, dogo, lisilo na kibao barabarani. Tulikwenda kundi la marafiki, kijana wa pale akatuongoza kupita vihamba vya watu, yaani mashamba ya nyumbani, kando ya mabanda ambamo ng'ombe hufungwa na kuletewa majani, mpaka tukayasikia maji kabla ya kuyaona. Maji ya mlima ule yana baridi isiyobembeleza. Unaingia, pumzi inakatika, unapiga ukelele usioutaka, halafu taratibu mwili unazoea na hutaki tena kutoka. Tulikaa sana. Tulipanda mawe tukajirusha, tukavuruga mchanga wa chini, na kwa kuwa mmoja wetu alikuwa na sabuni, tukaoga kabisa.

Tulipokuwa tunashuka, chini kidogo ya pale, tulimkuta mama mmoja mtu mzima ameketi juu ya jiwe, ndoo mbele yake, mzigo wa majani ya ng'ombe kando. Tukamwamkia, akaitikia vizuri. Kisha akauliza, "Mmemaliza huko juu, wanangu?" Tukasema tumemaliza, mama, maji ni mazuri sana. "Haya, karibuni tena," akasema. Hakuinuka. Alikuwa akitazama mto.

Siku ile nililipokea swali lake kwa urahisi, kama la mwenyeji anayeuliza wageni iwapo wameshiba. Nikashuka nalo, nikala ndizi na nyama Moshi mjini, nikapanda basi, nikasahau. Ni baadaye sana, nyumbani Dar es Salaam, asubuhi moja bomba letu lilipoanza kutoa maji yenye tope nami nikasimama na ndoo nikingoja yatakate, ndipo nilipomwona tena yule mama. Alikuwa akingoja. Alikuwa amekaa pale, pengine tangu tulipoanza kuruka mawe, akingoja tutoke ili tope litulie na povu lipite. Na hakutugombeza. Angeweza kupanda na kutuambia, na nadhani tungemwomba radhi na kutoka mara moja, maana hatukuwa watu wabaya. Hatukujua tu kwamba mto una watu upande wa chini.

Nasema hatukujua, na hapo nasita. Kila mtu anajua kwamba mto hushuka. Niliyafahamu hayo tangu darasa la jiografia. Lakini poromoko lina namna ya kumfanya mtu aone maji yamefika mwisho wa safari: yanaanguka, yanatulia kwenye kina, yanang'aa, na unasimama pale ukidhani hicho ndicho yalichokuja kufanya. Picha zote ninazozihifadhi za safari zile zimepigwa kutoka chini kuelekea juu. Hakuna hata moja niliyogeuka kuipiga upande yanakoelekea.

Niliporudi tena kwenye mteremko ule nilitafuta mtu wa kuzungumza naye kuhusu mifongo, ile mifereji ya Wachagga inayochota maji ya vijito vya juu na kuyapitisha kwa mbali, kando ya mabonde, hadi kwenye vihamba. Wazungu waliofika huko katika karne ya 19 waliikuta ikifanya kazi, na waliyoyaandika yanaonyesha mshangao wao kwa jinsi maji yalivyoelekezwa kwenye miinuko ambayo wao wasingedhani yanaweza kufika. Mzee niliyeonana naye aliwahi kushiriki kuisafisha ujanani. Alinieleza zamu: nani anapata maji siku gani, tangu saa ngapi mpaka saa ngapi, na kwamba asiyetokea siku ya kuzibua mfongo alitozwa faini. Nikamuuliza kuhusu kufua na kuoga. Akasema kulikuwa na mahali pa kuchota na mahali pa kufulia, na pa kufulia palikuwa chini ya pa kuchota. Alilisema kwa sauti ya kawaida tu, jambo asiloona haja ya kulielezea. Halafu akaniuliza mimi: "Na ninyi huko mjini, aliye chini yenu ni nani?"

Sikuwa na jibu. Nilifikiria mto Msimbazi, ambao huvuka Dar es Salaam na taka zetu zote hadi baharini, nikafikiria watu wanaolima mchicha kando yake. Nikasema, "Wapo wengi, mzee." Akatikisa kichwa, na sikujua kama ameridhika.

Tangu hapo nimejaribu kuyafuata maji ya mlima ule, kwa miguu pale nilipoweza na kwa kusoma pale nisipoweza, na karibu kila hatua imenibidi kuacha kitu nilichokiamini. Nilikuwa nikiamini, kwa mfano, kwamba vijito vile ni theluji iliyoyeyuka ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Ni picha nzuri na viongozi wa watalii huipenda. Lakini mwanaikolojia Andreas Hemp, aliyeuchunguza mlima huo kwa miaka mingi, anaeleza kwamba barafu ya kileleni huchangia kidogo sana. Mvua nyingi hunyesha kwenye msitu, zaidi kwenye kimo cha mita 2,200 hivi upande wa kusini, na ni msitu unaonasa mvua na ukungu na kuyaachia maji polepole. Kwa maelezo yake, moto unaokula msitu wa juu unaupotezea mlima maji mengi kuliko kutoweka kwa barafu. Tunayoyaogelea, basi, ni maji ya miti. Mimi niliyekuwa nikiinua macho kusikitikia barafu nilikuwa nimeupita msitu bila kuutazama.

Chini kabisa ya mlima, tambarare, kuna Chemka. Unatoka Bomang'ombe kwa barabara ya vumbi, nchi imekauka pande zote, na unapoanza kujiuliza kama dereva wa bodaboda amepotea, inatokea miti mikubwa ya mikuyu na mizizi yake imeingia kwenye maji ya samawati unayoweza kuona mpaka chini. Watu huiita chemchemi ya moto, lakini maji yake ni vuguvugu tu. Yametokea chini ya ardhi, mvua ya milimani iliyopenya kwenye miamba ya volkano. Kuna kamba ya kubembea, kuna mipira ya matairi ya kukodi, kuna samaki wadogo wanaodonoa ngozi ya miguu mpaka mtu anacheka peke yake. Napapenda sana mahali pale. Nimewahi kukaa humo mpaka vidole vikakunjamana, nikiwaangalia wazazi wakiwafundisha watoto kuelea, na nikaona kwamba furaha ya aina ile, ya familia kutoka Moshi na Arusha na wageni wa mbali ndani ya maji yaleyale, haipatikani mahali pengi.

Lakini siku hizi nikitoka majini hutembea kidogo kufuata mkondo. Mto ni Kikuletwa. Unakwenda kumwagilia mashamba, unanywesha mifugo, unaingia bwawa la Nyumba ya Mungu pamoja na mto Ruvu, na ukitoka hapo unaitwa Pangani. Njiani unazungusha mitambo ya umeme: megawati 8 pale Nyumba ya Mungu, 21 Hale, 68 Maporomoko ya Pangani. Kisha unafika kwenye mji wa kale wa Pangani na kuingia Bahari ya Hindi. Huko mdomoni maji matamu yanayoshuka yamepungua, na maji ya chumvi yanapanda mtoni kuliko zamani, yakiwafikia watu waliozoea kuchota na kulima kando ya mto. Si waogaji wa Chemka waliofanya hivyo, ningekuwa muongo nikisema hivyo. Kilimo cha umwagiliaji, mabwawa na ukataji wa misitu vina sehemu kubwa zaidi. Povu la sabuni yetu ya siku ile lilikwisha hata kabla ya kufika barabarani. Ila kwangu jibu la swali la mzee lilipata sura: aliye chini ni mtu wa Pangani, mwenye ndoo, akionja kama leo maji yana chumvi.

Ingekuwa rahisi kuishia hapo, kwa hukumu dhidi yetu sisi wasafiri. Udzungwa ilinivuruga zaidi.

Poromoko la Sanje liko kwenye Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992. Maji yake huanguka mita 170 kwa ngazi tatu, na ukipanda na kiongozi kupitia msituni unafika kwenye vidimbwi vya kuogea ambavyo, ukijilaza ukingoni, unaona mashamba ya miwa ya bonde la Kilombero yametandazwa mbali chini. Katika msitu ule ndimo alimogunduliwa, mwaka 1979, kima ambaye wanasayansi hawakuwa wakimjua, na akapewa jina la Sanje. Msitu umehifadhiwa vizuri, na ndiyo maana poromoko lipo, na ndiyo maana vijiji vya chini hupata maji safi. Nilishuka nikiwa na moyo mweupe. Hapa, nilijiambia, wamepatia.

Jioni, kijijini, nilizungumza na akina mama waliokuwa wakipika. Zamani, walisema, waliruhusiwa kuingia msituni siku maalumu kuokota kuni kavu. Ruhusa hiyo ilikoma mwaka 2011. Hawakuwa wakipinga hifadhi. Mmoja wao alisema bila msitu wasingekuwa na mto. Lakini kuni sasa wananunua, au wanazifuata mbali, na chakula chetu cha jioni ile, wali na maharage, kilikuwa kimepikwa kwa kuni za kununua. Nilijikuta na maneno mengi kichwani, kuhusu majiko banifu na miti ya kupanda na gesi, yote ya kweli, na nikaona afadhali ninyamaze na kula. Mimi nililipia kiingilio nikapanda kuoga mahali ambapo yeye, aliyezaliwa chini ya poromoko lile, haruhusiwi kuinama kuokota tawi lililoanguka. Sisemi kwamba amri ilikuwa mbaya. Wanaoujua msitu ule kuliko mimi walikuwa na sababu zao, na misitu iliyobaki bila ulinzi tumeiona ilivyoisha. Ninachosema ni kwamba maji yale niliyoyaona safi yamelipiwa na mtu, na aliyelipa zaidi si mimi.

Basi nikageukia malazi. Nilijiambia kwamba kama siwezi kuamua mambo makubwa ya msitu na mto, angalau naweza kuchagua pa kulala. Siku hizi maneno yako mengi: rafiki wa mazingira, asili, kijani. Katika nyumba moja ya wageni milimani nilikuta kadi kitandani ikiniomba nitumie taulo lilelile siku mbili ili kuokoa maji. Nikafurahi. Asubuhi nilipozunguka nyuma kutafuta jua, nikakuta bomba la bafu likimwaga povu moja kwa moja kwenye kijito. Mfanyakazi aliyekuwa akifagia pale aliniona nikiangalia, akashusha macho; na bila shaka si yeye aliyelitega bomba lile.

Na wapo wasioandika lolote. Familia moja huko Lushoto ilinipa chumba, ndoo ya maji ya moto, na bafu la mabati ambalo maji yake yalikwenda kwenye migomba. Hakuna neno mazingira lililotajwa. Hata hivyo maji yale ya moto yalichemshwa kwa kuni, na nimeshasema kuni zilivyo. Nilipouliza, baba mwenye nyumba alinionyesha migrevilea aliyoipanda mpakani mwa shamba, anayoipunguza matawi kila mwaka. Nilipumua, kisha nikajiuliza kama ningeweza kuuliza swali hilo kwenye hoteli kubwa bila kuonekana msumbufu, na kwa nini ni rahisi kwangu kumhoji mwenye nyumba ya mabati.

Zanzibar swali hili halina pa kujificha, maana huko hakuna mlima wa kulaumu. Maji ya Unguja ni mvua iliyozama kwenye jiwe la matumbawe. Mapango ya maji matamu ambayo wageni huogelea upande wa Paje na Jambiani yamechimbwa na maji katika jiwe hilohilo ambalo visima vya wenyeji hutegemea. Mwaka 2001 mtafiti Stefan Gössling alichapisha hesabu ya pwani ya mashariki: mgeni mmoja alikuwa akitumia wastani wa lita 685 kwa siku. Nikizipiga kwa ndoo za lita 20, ni ndoo 34, na maji mengi kati ya hayo yaliishia bustanini na kwenye mabwawa ya kuogelea yaliyojengwa hatua chache kutoka baharini.

Upande wa pili kuna Chumbe, kisiwa kidogo karibu na Mji Mkongwe, ambacho miamba yake ya matumbawe imehifadhiwa tangu mwaka 1994. Kisiwa hakina maji matamu. Vibanda vya wageni ni 7 tu, kila kimoja kinakinga mvua kwa paa lake na kuihifadhi chini ya sakafu. Umeme ni wa jua, vyoo ni vya mboji visivyohitaji maji, na maji ya kuogea huchujwa kwenye vitalu vya mimea kabla ya kuachwa ardhini. Watoto wa shule za Zanzibar hupelekwa huko kujifunza kuhusu matumbawe. Nilikwenda kwa siku moja, kwa kuwa bei ya kulala haikuwa ya mfuko wangu, na jambo hilo nalo sijui nilifanyie nini. Je, kuishi bila kumwagia jirani uchafu kumekuwa anasa? Mbona babu zetu waliopanga pa kuchota na pa kufulia hawakulipia kitu? Lakini hapohapo nakumbuka kwamba walikuwa wachache, na mlima ulikuwa na msitu mwingi zaidi, na sina hakika ya ulinganisho wangu.

Kuna wakati nilifikiri dawa ni kuacha kwenda. Nikakumbuka kijana aliyetuongoza siku ile. Fedha tuliyompa, alituambia njiani, ilikuwa ya ada ya mdogo wake. Akina mama wanaokaanga ndizi getini Chemka wanaishi kwa miguu yetu, na kijiji kinachoingiza kitu kutokana na poromoko kina sababu moja zaidi ya kutokata miti iliyo juu yake. Hata yule mama wa jiweni sina haki ya kumfanya mtu wa malalamiko tu. Inawezekana yule kijana alikuwa mjukuu wake. Inawezekana pia alikuwa amepumzika tu, na mengine yote nimeyaongeza mimi. Simfahamu. Nimelifikiria swali lake muda mrefu kuliko alivyolifikiria yeye, na bado sijawahi kurudi kumuuliza.

Ninaendelea kwenda, basi. Naingia majini bila sabuni wala mafuta ya jua, najifunika kwa nguo badala yake, na nikikuta mtu anachota nangoja amalize. Ni mambo madogo na sidai zaidi ya hapo.

Nawe ukipanga safari yako, usiishie kutazama picha za poromoko na za chumba. Mpigie simu mwenye nyumba kabla hujalipa, umuulize maji ya bafuni yanatoka wapi na yakitoka bafuni yanakwenda wapi, na anapikia nini. Ukifika, mwambie akuonyeshe. Muulize na kiongozi wako wanakijiji wanachota sehemu gani ya mto, kisha oga chini ya hapo.